Kaye za Rachelle na Kopo la Poda

Mpala, 8 Oktoba 2023

Mwanangu Rachelle,

Barua hii ikukute mzima, umekula, na umefua nguo zako mwenyewe bila kumwachia mama yako mdogo Victorine. Huku tu wazima. Dagaa wanapatikana, muhogo umekauka vizuri, na watoto wangu wa mwaka wa pili bado wanaandika tano ikiwa imegeukia nyuma.

Sasa kaa chini, maana nina neno. Papa Hippolyte, direkta wetu wa shule, aliniita ofisini kwake juma lililopita. Unamjua, hasemi jambo bila kukohoa kwanza. Akakohoa, kisha akanieleza kwamba kuanzia Septemba ijayo wote wanaofundisha bila diploma wataondolewa, amri imetoka juu, si yeye. Halafu akasema, "Mama Florentine, weye njo mwalimu wangu wa kweli hapa, lakini sina karatasi ya kukulinda nayo. Leta diploma, hata ya sekisio gani, mimi nitakusimamia."

Nilirudi nyumbani na hasira, ugali ukaungua. Wajua niliacha shule nikiwa mwaka wa tano wa sekondari, sekisio ya biashara, mchepuo huo huo unaosoma wewe. Kuacha wale watoto siwezi, na kungoja kufukuzwa pia siwezi. Kwa hiyo nimekata shauri. Nitafanya Exetat, huo mtihani wa serikali unaotoa diploma, mwaka huu huu, pamoja na wewe. Kuna mlango wa watu wanaojisomea wenyewe, na jina langu nimeshaliandikisha. Usicheke. Kama umeshacheka, basi, inatosha.

Ninachokosa ni masomo yenyewe. Hapa hakuna mwaka wa sita wa biashara, na vitabu hakuna. Nakuomba kila unachoandika darasani uniandikie na mimi: fasihi, historia, mambo ya fedha, mambo ya jamii. Mpe Toussaint wa boti. Huyo hapotezi kitu isipokuwa kofia zake. Simu huku mpaka upande mlima nyuma ya kanisa, na ukifika juu pumzi imeisha, huna la kusema.

Najua nakutwika mzigo. Ningekuwa na mtu mwingine wa kumwomba, ningemwomba yeye.

Mama yako,
Florentine


Kalemie, 29 Oktoba 2023

Mama,

Nilicheka, halafu nikalia kidogo, halafu mama mdogo akaniwekea mkono shingoni kuona kama nina homa. Nimemwambia. Amesema wewe tangu utotoni ukiamua jambo ni heri watu wakupishe.

Hii hapa kaye ya kwanza, daftari lako la kujisomea. Masomo yetu yanakwenda hivi: mwalimu anaingia, anafungua kaye yake ya zamani iliyogeuka rangi ya chai, anasoma kwa Kifaransa polepole, nasi tunaandika. Akisema nukta, tunaweka nukta. Anayeinua mkono anaambiwa ataeleweshwa mwisho wa saa, na mwisho wa saa kengele inalia. Basi nimejiwekea desturi yangu. Kifaransa cha mwalimu juu, kisha chini yake Kiswahili changu kama nilivyoelewa, ili Kifaransa chako kilicholala kiamke taratibu bila kugombezwa.

Katika fasihi tumefika kwenye msimulizi. Usimchanganye na mwandishi. Mimi nimekuandikia hivi: msimulizi ni kama shangazi aliyetoka arusini, anakupa habari za arusi nzima, kumbe aliona sahani yake tu. Mwalimu anasema pia kwamba msimulizi halazimiki kueleza yote, na anachokiacha nacho ni habari. Hiyo niliipigia mstari.

Katika historia, Mama, Mpala imo! Iko ukurasa wa kumi na kitu, angalia mwenyewe.

Usiseme mzigo. Ninapoandika mara ya pili naona hata mimi jambo linakaa kichwani vizuri zaidi. Tena ni mara ya kwanza wewe kuniomba kitu kisichobebwa kichwani.

Mwanao na mwalimu wako,
Rachelle


Mpala, 26 Novemba 2023

Mwalimu wangu Rachelle,

Asante. Nilitaka kuandika ukurasa mzima wa asante, lakini karatasi ni ya kujifunzia. Naisoma kaye yako darasani kwangu watoto wakishatoka, nimekaa kwenye benchi lao, magoti yamefika kidevuni. Shangazi yako wa arusini amenifurahisha. Nimempa hata sura, ni yule mke wa Bertin wa kwenye soko.

Mpala nimeiona. Mwalimu wenu ameipa mstari mmoja: Wabeleji walijenga kituo mwaka 1883, kisha wakawaachia mapadri. Niliusoma mstari huo nikienda nyumbani, nikipita pale pale misioni, mbuzi wa jirani wakijikuna ukutani. Waliobeba mawe hawamo. Bibi yangu alikuwa akitaja majina ya baadhi yao, na yale ninayoyakumbuka nimeyaandika pembeni ya ukurasa. Mtihani hautayauliza. Sisi tutayajua.

Sasa nina neno juu ya mambo ya fedha. Mwanangu, nimefundisha watoto kuandika miaka mingi, mwandiko ndiyo kazi yangu. Nimekuchunguza. Ulipoelewa, mwandiko wako unakimbia, herufi zinapandana kama mbuzi zizini, na chini kuna Kiswahili na vichekesho. Usipoelewa, unanichorea Kifaransa cha mwalimu kizuri kabisa, kama kadi ya mwaliko wa arusi, na chini yake hakuna kitu. Kurasa zote za hiyo *amortissement* ni kadi za arusi. Zinapendeza. Ningeweza kuzitundika ukutani.

Ni kitu gani, mama? Mimi sikijui, nawe naona hukijui. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Muulize mwalimu.

Mama yako anayekutegemea,
Florentine


Kalemie, 14 Januari 2024

Mama,

Heri ya mwaka mpya. Umenikamata, na tangu siku ile naogopa kuandika vizuri.

Mwalimu wa fedha siwezi kumwuliza. Anayeuliza anapewa jina, na jina halitoki mpaka mwisho wa mwaka. Aimée aliuliza maana ya mtaji, na mpaka leo anaitwa Mama Mtaji. Nimemwuliza Cédrick anayekaa nyuma yangu. Alinieleza kwa pikipiki ya mjomba wake, ile inayobeba muhogo. Mjomba aliinunua mpya. Kila mwaka inachakaa, kwa hiyo kila mwaka katika hesabu anapunguza kipande cha bei yake, mpaka siku moja kwenye daftari la hesabu haina thamani yoyote, ingawa barabarani bado inabeba muhogo. Kule kuchakaa kunakoandikwa ndiyo *amortissement*. Nimeelewa, au nadhani nimeelewa. Akinipa hesabu yenyewe nifanye peke yangu, namba zinanikimbia.

Naambatanisha pia kaye ya mambo ya jamii. Niliinakili mbio kwa sababu Toussaint alikuwa ananingoja, lakini hayo ni mambo mepesi, utayaelewa.

Rachelle


Mpala, 11 Februari 2024

Mwanangu,

Mpe Cédrick asante yangu. Kwa maelezo yake, mama yako kwenye hesabu ameshafika sufuri, na barabarani bado anabeba muhogo. Nimeelewa moja kwa moja.

Mambo ya jamii nayo nimesoma. Umeandika, sababu za wasichana kuacha shule: ya kwanza umaskini, ya pili vita, ya tatu mimba za mapema. Chini ya hiyo ya tatu kuna Kiswahili chako, kwa mwandiko wa kukimbia, kwa hiyo uliielewa vizuri: "Hapa msichana anakuwa amepoteza maisha yake yote ya mbele."

Rachelle, nambari tatu ni wewe.

Usishtuke. Sikukasirika. Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, nikashindwa kumweleza. Lakini hatukuwahi kuongea jambo hili, tukizunguka tu kama kuku kwenye uwanja wenye mvua, basi acha niliseme. Vita vilitukimbiza, shule ikafungwa, ikafunguliwa, nikarudi. Nilikuwa wa pili darasani. Halafu ukaja wewe, na baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtoto kama mimi. Nikakaa nyumbani. Kaye zangu za mwaka wa tano bibi yako aliwashia moto, si kwa ubaya, kuni zilikuwa zimelowa.

Nakuandikia haya kwa sababu mtihani wa insha unaweza kuuliza jambo hilo hilo, nami sitaki kujibu uongo ili nipate alama. Maisha ya mbele sikuyapoteza. Yalichelewa. Na yalichelewa kwa sababu yalikuwa yananyonya.

Lete kaye nyingine.

Mama yako,
Florentine


Kalemie, 7 Aprili 2024

Mama yangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Niliandika maneno yale bila kumwona mtu yeyote ndani yake, kama ninavyoandika mikoa na mito. Naona aibu. Mama mdogo alisoma barua yako, akaenda uani, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Sentensi ile nimeifuta kwenye kaye yangu. Halafu nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya, niliinua mkono. Nikamwambia mwalimu wa mambo ya jamii aongeze nambari ya nne, wale wanaorudi. Akatafuta kwenye kaye yake ya rangi ya chai, akasema hiyo si sababu ya kuacha shule. Darasa likacheka, nami nikacheka. Nimeiandika hata hivyo.

Nimefurahi sana kwamba umepita mtihani wa kuchuja wanaojisomea, ule wa Moba. Hapa ziwa limepanda, kuna mitaa ambayo watu wanavuka kwa mtumbwi kwenda kununua chumvi. Kaye zetu nimezipandisha juu ya kabati, zako ambazo hazijasafiri upande mmoja na zangu upande mwingine. Ukija kwa ajili ya mtihani utalala kitandani kwangu. Usibishe. Wanafunzi wote wa mtihani wanahitaji kitanda.

Asante kwa kunizaa mwaka ule mbaya. Sijui kama kuna mtu huwa anaandika hivyo kwenye barua, lakini ndivyo ninavyohisi.

Nambari Tatu wako,
Rachelle


Mpala, 28 Julai 2024

Mwanangu,

Nimefika salama. Toussaint amepoteza kofia nyingine, hii ilikuwa mpya. Mwambie mdogo wangu Victorine samaki wake walifika nami mpaka nyumbani na hawakulala.

Kwa kuwa tulifanya mitihani kwenye vituo tofauti, na jioni nyumbani kulikuwa na wageni, sikupata nafasi ya kukusimulia. Siku ya kwanza nilipoingia ukumbini, watoto wote wakasimama, wakaniamkia, "Bonjour, Mama Inspektere." Nikawaambia, "Mukae, nami njo mwanafunzi." Wakacheka, halafu mmoja akaona biki yangu inagoma kuandika, akanipa yake. Kutoka hapo nikawa mama wa ukumbi mzima. Kabla ya karatasi kugawiwa waliniomba niwasalie.

Msimulizi aliulizwa. Nikamwona shangazi yako na sahani yake, nikajibu nikitabasamu, msimamizi akanitazama sana. Siku ya fedha ilikuja *amortissement*, nikapanda pikipiki ya mjomba wa Cédrick nikaipitisha yote, sijui kama nilifika, lakini sikuanguka njiani. Kila ukurasa nilikuona wewe, na mwandiko wako, na mbuzi zako wanaopandana. Nikifaulu nimefaulu kwa mkono wako. Nisipofaulu, nimeshasoma mwaka mzima na binti yangu, na hilo hakuna amri ya juu itakayoniondolea. Asante, mama. Asante sana.

Jambo moja tu. Jioni ya siku ya fedha ulisema umeshiba, na samaki hukumgusa. Nilitaka kukuuliza, ila Victorine alikuwa anaongea, na Victorine akiongea mwingine hana pa kuingilia.

Mama yako,
Florentine


Kalemie, 18 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Kwa heshima kubwa na furaha isiyo kifani, ninachukua nafasi hii kukujulisha kwamba matokeo ya mtihani wa serikali yametangazwa. Umefaulu kwa asilimia hamsini na nane. Matokeo haya ni tunda la bidii, nidhamu na uvumilivu. Familia nzima inakupongeza.

Pamoja na barua hii utapokea kopo moja la poda nyeupe, kama ilivyo desturi kwa wote waliofaulu. Mama mdogo Victorine anaomba umwagiwe kichwani mbele ya watu, na Papa Hippolyte awe wa kwanza.

Hapa sote ni wazima wa afya. Hali ya hewa ni nzuri. Ziwa limeanza kurudi mahali pake.

Wako mtiifu,
Rachelle


Mpala, 1 Septemba 2024

Rachelle wangu,

Poda ilimwagwa. Papa Hippolyte alikohoa, akafungua kopo, akakohoa tena kwa sababu poda ilimwingia puani, kisha akanimwagia mbele ya shule nzima. Akina mama wakapiga vigelegele. Watoto wangu wa mwaka wa pili waliniona nimekuwa mweupe kama niliyeangukia unga wa muhogo, mmoja akalia akidhani nimekufa. Papa Hippolyte amechukua karatasi ya matokeo, ameipeleka biro, ofisi ya elimu, kwa mkono wake mwenyewe. Kesho naingia darasani, na hakuna wa kunitoa. Furaha niliyonayo sijawahi kuwa nayo, na nimeipata kwako.

Sasa tuje kwenye barua yako. Ni nzuri mno. Tangu umezaliwa hujaniandikia barua yenye herufi zilizonyooka namna hiyo. Hakuna mbuzi hata mmoja. Hakuna shangazi wala Cédrick, na umeniambia hali ya hewa. Nikaigeuza nyuma kutafuta Kiswahili chako, hakikuwepo. Asilimia zangu umeziandika, zako hakuna. Fasihi, kaye ya kwanza, ulipopiga mstari: anachokiacha nacho ni habari.

Basi najua, mwanangu. Nilijua kabla sijafungua kopo. Nilimwagiwa poda huku najua, nikawa nacheka na kulia, na watu wakasema ni furaha. Ilikuwa furaha na ilikuwa wewe.

Umenunua poda ya mwenzako siku ambayo wewe hukununuliwa. Umeingia sokoni, watu weupe kwa poda barabara nzima wakiimba, ukatafuta kopo, ukalifunga vizuri lisimwagike kwenye boti. Nimefundisha watoto wengi na sijui kama nitawahi kumwona mwingine wa kulifanya hilo.

Nimewaza kama kuandika mara mbili ndiko kulikokuchosha. Linaniuma, sitakuficha. Wewe utasema hapana, nami sitakuamini, kwa hiyo tusibishane. Tufanye kazi. Narudisha kaye zako zote kwa Toussaint. Kila ukurasa wa kadi ya arusi nimeuandikia chini Kiswahili changu, na hesabu nimezifanya hatua kwa hatua mpaka mwisho, pamoja na zile nilizokosea, uone nilipokosea. Kila boti itakuja na nyingine. Sasa ni zamu yangu kuandika mara mbili. Rudi mwaka wa sita. Nimeshaongea na Victorine, amekubali kabla sijamaliza kusema, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Na yule mwalimu wa fedha umwulize. Akikupa jina, mwambie jina unalo tayari, ulipewa na mama yako, naye ni mwalimu mwenye diploma.

Watu walitaka kumaliza kopo lote kichwani kwangu. Nikalifunika kwa mkono. Wakaniuliza nambania nani, nikalitia kwapani nikaondoka. Liko juu ya kabati, nusu, nimelifunga kwa kitambaa changu cha kanisani.

Ambaye amefaulu kwa mkono wako,
Mama


Kalemie, 20 Julai 2025

Mama,

Naandika nimesimama, Toussaint ameshawasha mashine na ananipigia kelele, unisamehe mwandiko.

Lete kopo.

Nambari Tatu